Tofauti za Wanafunzi Darasani: Mitindo ya Kujifunza Imebeba Nini, na Imeficha Nini

Fomu ya kupima mtindo wa kujifunza ni fupi. Mwanafunzi anaulizwa: ukitaka kufika mahali usipopajua, ungependa uchorewe ramani, uelekezwe kwa mdomo, uandikiwe maelezo, au upelekwe na mtu mara ya kwanza? Anajibu maswali mengine ya namna hiyo, alama zinajumlishwa, kisha anakabidhiwa jina. Huyu ni mwanafunzi wa kuona. Yule ni wa kusikia. Wa tatu ni wa kutenda, lazima ashike kitu mkononi ndipo aelewe. Jina hilo halibaki kwenye fomu. Mwalimu hulinakili kwenye andalio la somo, mzazi hulisikia siku ya kikao, na mwanafunzi mwenyewe hulishika kuliko wote: "Mimi kusoma hakuniingii, mpaka nione picha."

Imani hii imeenea kwelikweli. Mwaka 2020 Philip Newton na Atharva Salvi walikusanya tafiti 37 zilizohusisha walimu na wakufunzi zaidi ya 15,000 katika nchi 18, wakakuta asilimia 89.1 wanaamini kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Ukiwa mwalimu usiyekubaliana na hilo, jua umezungukwa.

Lakini ushahidi wake ni mwembamba mno. Kusema hivyo si kudai kwamba wanafunzi wanafanana. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya darasa akaamini hivyo. Ninachodai ni kwamba tofauti zinazoamua nani ataelewa somo la leo na nani ataachwa ziko mahali pengine, na ile fomu inatupeleka kutafuta pasipo nazo.

Madai matatu yaliyofungwa kifurushi kimoja

Ukimsikiliza mtu anayetetea mitindo ya kujifunza, utagundua anasema mambo matatu kwa pumzi moja. La kwanza: watu wana mapendeleo. Kuna anayependa kusikiliza, kuna anayependa michoro. Hilo ni kweli, na halina ubishi. La pili: watu hutofautiana uwezo. Kuna anayezungusha umbo kichwani bila shida, na kuna anayekumbuka wimbo baada ya kuusikia mara moja. Nalo ni kweli. La tatu ndilo lenye kazi: kwamba ukimfundisha mtu kwa njia anayoipenda, ataelewa na kukumbuka zaidi kuliko ukimfundisha kwa njia nyingine. Mawili ya kwanza hayalithibitishi la tatu. Kupenda utamu wa kitu hakukuambii kama kitu hicho kinajenga mwili.

Dai la tatu linaweza kupimwa, na namna ya kulipima ni rahisi kueleza. Chukua wanafunzi, wapime mitindo yao. Wale wa kuona wagawe mara mbili kwa bahati nasibu: nusu wafundishwe kwa picha, nusu kwa maneno. Wale wa kusikia nao vivyo hivyo. Mwishoni wote wafanye mtihani mmoja. Ili dai lisimame, lazima wa kuona wafanye vizuri zaidi kwa picha, na wa kusikia wafanye vizuri zaidi kwa maneno. Ikiwa wote wamefanya vizuri zaidi kwa picha, umegundua jambo kuhusu picha na lile somo; kuhusu mitindo hujagundua chochote.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walipitia maandiko wakitafuta majaribio ya namna hiyo hasa. Walikuta ni machache mno yaliyopangwa vizuri, na baadhi ya hayo machache yalilipinga dai waziwazi. Tangu hapo majaribio yameongezeka na hali haijabadilika. Mwaka 2015 Beth Rogowsky na wenzake waliwapa watu wazima maandishi yaleyale, wengine wakayasikiliza, wengine wakayasoma. Pendeleo la mtu halikutabiri ataelewa zaidi kwa njia ipi. Mwaka 2018 Polly Husmann na Valerie O'Loughlin wa Indiana University waliwafuatilia wanafunzi wa anatomia waliokuwa wamejaza dodoso. Wengi hawakusoma kwa mtindo ambao dodoso liliwapa, na wale waliosoma kwa mtindo huo hawakupata alama za juu kuliko wenzao.

Dodoso wanafunzi hao walilojaza linaitwa VARK. Lilitungwa na Neil Fleming, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule New Zealand, na likachapishwa mwaka 1992 pamoja na mwenzake Colleen Mills. Linagawa njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Si la kwanza wala si la pekee. Rita Dunn na Kenneth Dunn wa Marekani walianza yao miaka ya 1970, wakahesabu hadi mwanga wa chumba na saa ya siku ambayo mtoto anapenda kusoma. David Kolb alikuja na yake, iliyojengwa juu ya kujifunza kwa uzoefu. Frank Coffield na wenzake walipofanya mapitio Uingereza mwaka 2004 walihesabu mifumo 71. Hebu fikiria maana yake: mtoto yuleyule anaweza kuwa wa kuona kwenye fomu hii, mtafakari kwenye ile, na mtu wa asubuhi kwenye ya tatu. Kipimo kinachobadilika kulingana na aliyekichapisha si kipimo cha kumpangia mtoto masomo.

Kuna jina moja huingizwa humu bila ridhaa yake. Mwanasaikolojia Howard Gardner aliandika mwaka 1983 kuhusu aina nyingi za akili, na wengi hudhani ndiyo mitindo ya kujifunza kwa jina jingine. Yeye mwenyewe alijitokeza mwaka 2013 kueleza kwamba akili na mtindo ni vitu viwili, na kwamba hakuwahi kufundisha mitindo. Nadharia yake ina wakosoaji wake, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Kwa nini tunahisi ni kweli

Sababu mojawapo ni kwamba kujifunza na kuhisi kwamba umejifunza ni mambo mawili tofauti, na tunayachanganya kila siku. Abby Knoll na wenzake walilionyesha hili mwaka 2017. Watu waliojiona kuwa wa picha walitabiri kwamba wangekumbuka picha zaidi, na waliojiona kuwa wa maneno wakatabiri maneno. Kumbukumbu zao halisi hazikufuata utabiri. Pendeleo liligusa imani yao tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuambia "nimeelewa zaidi ulipochora" hadanganyi. Anakueleza alivyojisikia.

Sababu ya pili ni ya kidarasa zaidi, na naiona haipewi uzito unaostahili. Mwalimu anatoa maagizo kwa mdomo: fungueni ukurasa fulani, chagueni maswali matatu, andikeni hatua zote, chini ya kila jibu pigeni mstari, kisha badilishaneni madaftari na jirani. Dakika mbili baadaye mtoto mmoja anauliza, "Tufanye nini?" Mwalimu anaandika hatua zile ubaoni, mtoto anaendelea na kazi, na hitimisho linakuja lenyewe: huyu ni wa kuona. Kumbe kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu yeyote hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alikadiria vinne hivi kwa mtu mzima. Maneno yaliyotamkwa hupotea hewani, yaliyoandikwa hubaki pale. Hatua tano za mdomo zilikuwa nyingi kwa darasa zima, ila mmoja tu ndiye aliyethubutu kuuliza. Waliobaki walimtazama jirani.

Sababu ya tatu: mengi tunayofundisha shuleni ni maana, na maana haina mlango mmoja wa kuingilia. Uvukizaji si picha wala si sauti. Unaweza kuuona ukichorwa, ukausikia ukielezwa, ukatazama maji yakipungua kwenye sahani iliyoachwa juani, lakini kinachotakiwa kubaki kichwani ni uhusiano kati ya joto, maji na hewa. Mwanafunzi aliyekumbuka mchoro mzima na mishale yake bila uhusiano huo hajajifunza uvukizaji.

Jina lina gharama

Wapo wanaosema: sawa, ushahidi haupo, lakini madhara yako wapi? Mwalimu akibuni njia nyingi, si bora tu?

Njia nyingi hazina tatizo. Tatizo ni kumfunga mtoto kwenye njia moja. Tazama mtoto anayesoma kwa taabu, anayekwama kwenye silabi na kupoteza maana kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Akipimwa kwa fomu atatokea kuwa wa kusikia, maana nani atachagua kusoma wakati kusoma kunamuumiza? Sasa anapewa kila kitu kwa sauti. Anafurahi, mwalimu anafurahi, na kusoma kunazidi kubaki nyuma mwaka hadi mwaka. Kumbe alihitaji kinyume chake: afundishwe upya uhusiano wa herufi na sauti, hatua kwa hatua, kwa mazoezi mengi zaidi ya wenzake. Jina zuri lilifunika shida iliyokuwa na dawa.

Majina hayo pia huja na madaraja. Mwaka 2023 Xin Sun, Owen Norton na Shaylene Nancekivell walichapisha majaribio waliyowafanyia wazazi, watoto na walimu. Watoto walioelezwa kuwa ni wa kuona walihukumiwa kuwa na akili zaidi kuliko walioelezwa kuwa ni wa kutenda kwa mikono. Hakuna habari nyingine iliyotolewa iliyostahili hukumu hiyo. Jina pekee lilitosha.

Na kuna gharama ya mwalimu mwenyewe. Kuandaa somo moja mara tatu, la picha, la sauti na la vitendo, ni kula usiku ambao ungetumika kusahihisha madaftari na kujua nani amekwama wapi. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, maana muda wa mwalimu hauzai.

Somo lichague njia

Ukiacha kuuliza "mtoto huyu ni wa aina gani?" ukauliza "jambo hili lina umbo gani?", maamuzi mengi hujipanga. Matamshi ya lugha ngeni lazima yasikike. Hakuna mchoro utakaomfundisha mtu kutofautisha sauti mbili zinazokaribiana. Sura ya nchi lazima ionekane kwenye ramani. Kushona, kupima kwa mizani na kufunga saketi ya umeme ni lazima mikono iguse. Hoja ya insha inahitaji maneno yaliyoandikwa, ili mtu aweze kurudi nyuma na kuona aya ya tatu inapingana na ya kwanza. Darasa zima linatumia njia hiyo kwa sababu jambo lenyewe linaidai.

Mara nyingi jambo linadai njia mbili kwa pamoja, na hapa ushahidi ni mzuri. Allan Paivio alieleza tangu mwaka 1971 kwamba kitu kilichohifadhiwa kwa maneno na kwa taswira kina njia mbili za kukumbukwa. Richard Mayer akatumia miongo kadhaa kupima maneno na picha vipangwe vipi ili visaidie badala ya kuvuruga. Chukua somo la moyo. Ukichora moyo ubaoni na kuweka namba 1 hadi 8, kisha ukaandika majina upande wa pili wa ubao, mwanafunzi anatumia nguvu zake kukimbiza macho huku na huku. Andika "ventrikali ya kushoto" palepale kwenye chumba chenyewe cha moyo. Eleza safari ya damu kwa mdomo huku kidole kikifuata mshale, chumba kimoja baada ya kingine, na usichore vyumba vyote vinne kabla hujaanza kuzungumza. Ukiwa na projekta, usionyeshe aya nzima na kuisoma kwa sauti neno kwa neno. Watu husoma kwa kasi tofauti na unavyotamka, na hizo njia mbili zitagombana. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji fomu. Zinamsaidia anayependa picha na asiyependa.

Baada ya maelezo, waambie wafunike daftari na wachore upya safari ile kutoka kichwani. Hapo ndipo utaona nani amerudisha damu yenye oksijeni upande wa kulia.

Jibu moja, shida tatu

Sasa tofauti zenyewe. Nyingi huonekana kwenye makosa, kwa hiyo tukae kidogo na kosa moja linalojulikana na kila mwalimu wa hesabu. Umeandika ubaoni 1/2 + 1/3. Unapita kati ya madawati na kwenye madaftari matatu unakuta jibu lilelile: 2/5.

Wa kwanza amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Muulize kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Atakutazama, kwa sababu kwake sehemu ni namba mbili zilizotenganishwa na mstari, haijawahi kuwa namba moja yenye ukubwa wake. Huyu hahitaji kukumbushwa kanuni. Mpe vipande vitatu vya karatasi vya urefu mmoja. Kimoja akikunje nusu, cha pili sehemu tatu, cha tatu sehemu tano, kisha aweke 2/5 kando ya 1/2. Akiona kwamba jumla aliyoipata ni fupi kuliko kipande alichoanza nacho, kanuni ya kutafuta asili ya pamoja itakuwa na kitu cha kushikilia.

Wa pili anajua vizuri kwamba asili lazima zilingane. Alianza kutafuta kigawe kidogo cha shirika, akakwama, akafuta, akajumlisha tu ili asibaki na nafasi tupu. Alama ya kifutio bado inaonekana. Vipande vya karatasi vitampotezea muda. Shida yake ni meza za kuzidisha.

Wa tatu ukimuuliza kwa mdomo atakujibu "tano kwa sita" bila kufikiri. Alikuwa na haraka. Anachohitaji ni mazoea ya kukadiria kabla ya kuandika: nusu na kitu lazima izidi nusu.

Ukiwapanga hawa watatu kwa mitindo, unaweza kukuta wote ni wa kuona, na wote ukawapa picha. Mmoja atasaidika. Vipande vya karatasi vilimfaa yule wa kwanza kwa sababu ya kile asichokijua, na wiki ijayo akishakijua havitamfaa tena. Hilo nalo limechunguzwa. John Sweller, Slava Kalyuga na wenzao walionyesha kwamba mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua humsaidia sana anayeanza, lakini kadiri mtu anavyozidi kujua, mifano ileile hugeuka mzigo, na afadhali aachwe atatue mwenyewe. Maarifa ya awali hubadilika kila wiki, na msaada unapaswa kubadilika nayo. Mtindo uliopimwa mwanzoni mwa mwaka hauwezi kufanya hivyo.

Jinsi ya kuyajua maarifa hayo bila kuhoji mmoja mmoja: swali moja la kuchagua jibu mwanzoni mwa kipindi, ambalo kila jibu la makosa limetungwa kwa makusudi ili lifichue kosa fulani. Kila mtu aonyeshe jibu kwa vidole kifuani, kwa pamoja, kabla ya kumtazama jirani. Ndani ya nusu dakika unajua darasa limesimama wapi. Au karatasi ndogo wanazokuachia mlangoni wakitoka, swali moja tu, nawe ukazipanga mafungu matatu: wameelewa, wamekaribia, hawajaanza. Mafungu hayo ni ya kesho tu. Keshokutwa yabomoe.

Vizuizi si mapendeleo

Mtoto anayenakili 3 kama 8 kutoka ubaoni si wa kusikia. Macho yake yanahitaji kupimwa. Anayejibu swali ambalo hukuuliza huenda hasikii vizuri sikio moja, na dawati lake likihamishwa tu mambo hubadilika. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, anahitaji mafundisho ya kusoma yenye mpangilio, muda wa ziada na, kwa somo ambalo si la kusoma, asomewe swali ili apimwe sayansi badala ya kupimwa herufi. Anayesoma kwa nukta nundu na anayetumia lugha ya alama hawajachagua njia hizo kwa kupenda. Anayejifunza kwa lugha asiyoitumia nyumbani anahitaji istilahi mpya zitangulizwe kabla ya somo, na ruhusa ya kufikiri kwa lugha yake kabla ya kujibu kwa lugha ya darasa. Asiyeweza kutulia dakika arobaini anahitaji kazi ikatwe vipande.

Haya nayataja haraka kwa sababu kila moja lina wataalamu wake. Ninachosisitiza ni kwamba hayana nafasi kwenye fomu ya mapendeleo, na yakiingizwa humo hupotea. Kwa hawa, kubadilisha njia si hisani wala ubunifu wa mwalimu. Bila hiyo, somo haliwafikii kabisa.

Taasisi ya CAST, iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1984, ilianza kwa kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu kwa kompyuta, kisha ikafikia wazo pana zaidi: andaa somo tangu mwanzo likiwa na njia kadhaa za kupokea na za kujibu, ziwe wazi kwa wote. Weka manukuu kwenye video kwa ajili ya kiziwi, na utakuta anayejifunza lugha anayatumia pia. Ruhusu jibu la mdomo au la maandishi pale ambapo uandishi haupimwi. Mtu anachagua kwa kazi ya siku hiyo, na hakuna anayeandikiwa jina. Baadhi ya semina hulifundisha wazo hili kana kwamba ni mitindo ya kujifunza iliyopakwa rangi mpya, na huko ndiko linakoharibikia.

Sekunde tatu

Tofauti nyingine ambayo haina fomu ni kasi ya kufikiri na ujasiri wa kusema. Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi nchini Marekani, na mwaka 1974 akaripoti kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walingoja wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kumwita mwingine au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa dhaifu wakaanza kuchangia. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu ajabu, jaribu uone. Lakini hazigharimu chochote, na zinamfikia mtoto ambaye jibu lake lilikuwa njiani.

Kwa asiyethubutu hata akipewa muda, mbinu ya Frank Lyman ya mwaka 1981 bado inafaa: kila mtu afikiri peke yake, ajadiliane na jirani, ndipo darasa lisikilize. Sharti lake ni kwamba ile hatua ya peke yake iwe ya kimya kweli, na kalamu mkononi. Ikirukwa, mwenye kasi anamwambia jirani jibu na mambo yameishia hapo.

Wanachofanya wakiwa peke yao

Jioni, mwalimu akiwa hayupo, ndipo mtindo unapodhuru zaidi, kwa sababu mwanafunzi hujipangia mwenyewe. Anayejiita wa kuona anapaka rangi mistari kwenye kitabu na kusoma tena. Anahisi inaingia. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima hisia hiyo mwaka 2006. Kundi moja lilisoma habari mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuiandika upya bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Waliopimwa baada ya wiki moja, hali iligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Na kabla ya mtihani, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi.

Faida ya kujipima, pamoja na ile ya kutawanya mazoezi katika siku kadhaa badala ya kuyarundika usiku mmoja, imeonekana kwa watoto na watu wazima, katika masomo mbalimbali. Mwanafunzi wako anayependa kuchora aendelee kuchora, ila achore akiwa amefunika kitabu. Anayependa kuzungumza amweleze mtu somo zima bila kutazama, kisha afungue aone alichoruka. Pendeleo limepata nafasi, na kazi yenyewe ya kukumbuka imefanyika.

Tuseme shule yako inadai safu ya "mtindo wa kujifunza" kwenye andalio la somo na huna mamlaka ya kuifuta. Ijaze kwa kile unachokijua: nani hajashika somo la jana, nani akae mbele, istilahi zipi zitangulizwe, nani apewe mfano uliokokotolewa na nani aachwe atatue mwenyewe. Mkaguzi mwenye nia njema atakuwa amepata anachokitafuta. Na mzazi akikuuliza siku ya kikao mwanawe ni mwanafunzi wa aina gani, fungua daftari la mtoto ukurasa wa wiki hii, mwonyeshe alichoweza, mwonyeshe mahali alipokwama, na mpe maswali mawili ya kumuuliza mtoto mezani kitabu kikiwa kimefungwa.